Baba Aliyezikwa Kabla Sijazaliwa

Kazi niliipata Muleba siku ya nane tangu nivuke mpaka pale Mutukula na begi moja na mkasi wangu wa kushonea, na kwa ujinga wangu nikadhani mambo yamekwisha. Mkuu wa chuo cha ufundi, mama mmoja mnene mwenye sauti ya upole, alinikalisha kwenye cherehani, akanipa kipande cha kitambaa na kuniambia nishone kola. Nikashona. Akaigeuza, akaivuta huku na huku, akamwita na mwalimu wa useremala aje kuiona, utadhani seremala anajua kola. Kisha akasema muhula unaanza Januari, wasichana wanasubiri mwalimu wa ushonaji, kwa hiyo nilete namba ya kitambulisho cha taifa tuandikishane mkataba.

"Namba ipi, mama?" nikauliza.

"Ya kitambulisho, mwanangu. Bila hiyo sina pa kukuandika. Mshahara, bima, pensheni, vyote vinaanzia hapo."

Nikamjibu kwamba nitaileta, kwa sauti ya mtu anayerudi nyumbani kuchukua mwavuli. Ilikuwa Oktoba.

Nilizaliwa Masaka, Uganda. Mama alikuwa mtu wa huko huko. Baba alikuwa Mhaya wa Izimbya, aliyevuka mpaka akiwa kijana kutafuta kazi kwenye mashine za kukoboa kahawa na hakurudi tena. Alifariki nikiwa na miaka kumi na miwili, mama akamfuata baadaye, tukabaki mimi na kaka yangu, ambaye ni fundi magari na ananizidi miaka mitano. Nyumbani baba alitufundisha kwamba sisi ni Watanzania. Shuleni tulikuwa watoto wa Mtanzania, jambo ambalo kwa watoto wenzetu lilikuwa kosa dogo linaloweza kukumbushwa wakati wowote mpira ukigombaniwa. Hatukuwahi kuchukua karatasi yoyote ya uraia wa kule. Kaka ndiye aliyenisukuma nije. "Tangulia wewe," aliniambia, "maana wewe huwezi kukaa mahali pamoja. Ukipata namba, na mimi nakuja. Nimechoka kupanga. Nataka kujenga kwetu."

Hiyo "kwetu" hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuiona.

Nilifikia kwa shangazi, dada yake baba, anayeishi Kibeta, mjini Bukoba, na migomba yake michache nyuma ya nyumba. Nilipojitambulisha mlangoni alinitazama paji la uso, akapiga kelele mpaka jirani akatoka. Akanikalisha, akaniletea kahawa ya kutafuna kwenye kikapu kidogo, akanishika magoti akilia na kucheka pamoja. Kisha akaniuliza nina miaka mingapi. Nikamwambia. Akahesabu kitu kwenye vidole, akainuka kwenda jikoni kutazama chungu ambacho hakikuwa kimewekwa motoni. Mimi nilidhani anahesabu miaka ya kutuonea hamu.

Kwenye ofisi ya vitambulisho Bukoba mambo yalionekana mepesi. Dada wa dirishani alinieleza vizuri tu: mtoto wa Mtanzania ni Mtanzania hata akizaliwa nje, ila lazima ithibitike kwamba baba alikuwa raia, na kwamba ndiye baba yangu. Cheti changu cha kuzaliwa cha Masaka kilimtaja baba kwa jina na kijiji. Ilibaki barua ya mtendaji wa kijiji na uthibitisho wa ukoo. Nikatoka pale nikitembea kwa kasi ya mtu aliyechelewa, na hakuna mahali nilipokuwa nimechelewa. Ndivyo nilivyo. Mimi na subira hatupikiki chungu kimoja.

Kesho yake nilikuwa Izimbya. Baba mdogo, mdogo wake baba wa kumfuata, alinipokea kama mtu aliyeletewa zawadi. Alinizungusha kibanja kizima, shamba la ukoo: hii ndiyo migomba ya ndizi za kupika, hii ya pombe, hii kahawa babu yako aliipanda kwa mkono wake. Akanionyesha makaburi ya wazee, maana kwetu mtu hulazwa kwenye kibanja chake, kati ya migomba. Mbele ya tuta moja lililotandazwa majani vizuri akavua kofia.

"Huyu ni baba yako," akasema.

Nikacheka. Bado najuta kicheko kile. Baba yangu nilimzika mimi mwenyewe Masaka, nilitupa udongo juu ya jeneza lake na kiganja changu. Nikamwambia hivyo. Yeye hakucheka. Akaniambia kwamba zamani, wakati wa vita vya kule, watu wawili walirudi na habari kwamba kaka yake ameuawa. Wakasubiri mwili, haukuja. Wakasubiri barua, haikuja. Mwishowe ukoo ukakaa. Na kwetu mtu akifia mbali na mwili usipatikane haachwi hivi hivi azurure. Hukatwa mgomba wa kimo chake, ukavikwa sanda, ukaliliwa, ukazikwa. Siku nne hakuna aliyeshika jembe kijijini.

Ndipo nilipoelewa neno ambalo baba alikuwa akilisema mezani kila tulipomuuliza mbona haendi kwao. "Kwetu matanga yangu yalishaanuliwa," alikuwa akijibu, akachota tonge jingine. Sisi watoto tulidhani ni utani. Mama alishawahi kunisimulia kwamba baba alikutana sokoni na mtu wa kwao, na mtu yule akatupa mzigo na kukimbia. Baba akajua kwamba ameshaliliwa. Mtu aliyeshaliliwa harudi nyumbani akapita mlangoni kama mgeni wa kawaida, naye hakuwa na ujasiri wa kutuma mtu aulize apite wapi. Mwaka ukaja, mwingine ukaja, akaoa, akatupata sisi.

Baba mdogo alitaka kunisaidia kwa moyo wote. Hilo nataka lijulikane, kwa sababu baadaye nilimtukana sana moyoni. Alifungua sanduku, akatoa bahasha iliyokunjwa kwenye nailoni: muhtasari wa kikao cha ukoo, umepigwa taipu, una sahihi na muhuri. Wahaya tunapenda karatasi. Hata ugomvi wa jogoo na mbuzi utaukuta na muhtasari na nakala zake. "Hii hapa," akasema kwa majivuno, "inamtaja baba yako, babu yako, na kibanja chenyewe na mipaka yake. Nani atasema si mtu wa hapa?" Mtendaji akaitolea nakala, akaiambatisha kwenye barua yake, akagonga muhuri. Hakuna kati yetu watatu aliyekaa akaisoma. Mimi nilikuwa nimeshasimama mlangoni, bodaboda inanguruma.

Yule dada wa dirishani ndiye aliyeisoma. Aliisoma kwa rula, akiishusha mstari mmoja mmoja, huku mimi nikihamisha uzito wa mwili kutoka mguu huu kwenda ule.

"Ulizaliwa mwaka gani?"

Nikamtajia.

"Na baba yako amefariki mwaka gani?"

Nikamtajia huo pia. Akaigeuza karatasi niione.

"Hapa ukoo wake unasema alifariki miaka minane kabla hujazaliwa. Na urithi umegawanywa. Wamesaini watu tisa."

"Ule ni mgomba, afande."

"Nini?"

"Waliyemzika ni mgomba. Siyo yeye."

Watu kwenye foleni wakaangua kicheko. Uso uliniwaka. Mzee mmoja nyuma yangu akasema kwa sauti nzito, "Msicheke. Ni kweli, sisi huzika mgomba," na kicheko kikapungua. Yule dada, ambaye kwa lafudhi yake hakuwa wa mkoa huu, hakucheka hata kidogo, na kwa hilo namshukuru mpaka leo.

"Dada yangu, sikatai," akasema. "Lakini karatasi yenu wenyewe inasema marehemu amezaa. Siwezi kuipitisha. Ukoo ukae upya, uandike kwamba ulikosea, kwamba alikuwa hai na akapata watoto. Mtendaji athibitishe. Uniletee."

Alikuwa na haki, na hilo ndilo lililoniudhi zaidi. Mtu mwenye makosa unaweza kumgombeza ukapata nafuu.

Nikarudi Izimbya siku ile ile. Baba mdogo alinisikiliza mpaka mwisho, akichokonoa udongo kwa ncha ya fimbo. Kisha akasema atafikiri. Wiki ikapita. Nikarudi, akasema mmoja wa waliosaini ni mgonjwa, asubiriwe apone. Nikarudi tena, akasema ukoo haukai wakati wa palizi. Safari ya nne sikumkuta, na mke wake, akinimenyea ndizi bila kuinua macho, ndiye aliyenipasulia jipu. Karatasi iliyomuua baba yangu ndiyo iliyompa baba mdogo nusu ya juu ya kibanja, yenye kahawa. Wanawe wawili wamejenga hapo. Karatasi ile ikisemwa ni ya uongo, naye amekaa juu ya nini?

Nilimsubiri mpaka akarudi. Nikamuuliza usoni, maana sijui kuuliza kwa kuzunguka.

"Si wewe ninayekuogopa," akanijibu taratibu. "Wewe ni mtoto wa kike, utaolewa kwingine. Ni huyo kaka yako."

"Kaka yangu ana gereji Masaka. Anataka nini na migomba?"

"Mtu wa gereji naye hufa, mwanangu. Na akifa lazima alazwe mahali."

Novemba ile sitaisahau. Senene, panzi wetu wa kuliwa, walikuja kwa wingi, mji mzima ukawa na furaha, Kibeta kila uani watu wanakaa duara wakiwanyonyoa mabawa na kucheka. Mimi nilikaa na sinia langu nikiwanyonyoa kwa hasira, mpaka shangazi akanipokonya. "Hao hawajakukosea," akasema. Mchana nilikuwa najishikiza kwa fundi mmoja wa Rwamishenye, barazani kwake, nikishona sare za shule bila jina na bila mkataba. Niliweza kushona sketi, kuifumua na kuishona tena bila sababu. Kila simu ikilia nilidhani ni Izimbya. Ilikuwa ni mama wa Muleba, akiniuliza kwa upole wake ule ule, "Bado, mwanangu?" Mara ya mwisho aliniambia kuna dada mwingine ameleta barua ya maombi, ana namba yake, kola zake si mbaya. Atanisubiri mpaka muhula uanze, zaidi ya hapo hawezi.

Nililala na hofu na kuamka nayo. Sikuwahi kuomba kitu kingi katika maisha yangu. Nilitaka kuandikwa mahali. Kule nilikuwa mtoto wa Mtanzania, huku nikawa dada wa Uganda, na fundi wa Rwamishenye mwenyewe, mtu mwema kabisa, akinitambulisha kwa wateja alikuwa akisema "huyu mgeni wetu". Ugeni gani huo usioisha?

Kwetu, Desemba watu hurudi. Walioko Dar es Salaam, Mwanza, Arusha, wote hupanda kuja kula Krismasi nyumbani, na ndipo ukoo hupata akidi. Shangazi alikwenda Izimbya mwenyewe, sijui alisema nini, ila kikao kikapangwa Jumapili baada ya misa. Wanaume walikaa kwenye mabenchi, wanawake kwenye mikeka. Mimi nilikaa karibu na shangazi, nikiwa nimekalia mguu mmoja ili usicheze.

Wakaanza. Wakajadili mpaka wa njia ya ng'ombe. Wakajadili mchango wa harusi. Mmoja wa Dar es Salaam, mwenye saa kubwa, akatoa hotuba kuhusu umuhimu wa elimu kwa watu ambao wote wamesoma. Saa ya pili ikaingia. Hatimaye wakafika kwangu, na baba mdogo akasimama, akasema kwamba anampenda mtoto wa kaka yake, damu ni damu, lakini jambo hili ni zito, na pengine tuliache mpaka Pasaka ambapo wengi zaidi watakuwepo.

Pasaka! Damu ilinipanda. Nikasimama katikati ya wazee bila kuomba ruhusa.

"Leteni karatasi," nikasema. "Mnaogopa kibanja? Sikitaki kibanja. Leteni karatasi niandike."

Katibu wa ukoo, anayeandika mihtasari, akamtazama mwenyekiti, akanisogezea daftari lake na kalamu. Nikapiga magoti mkekani nikaandika. Mwandiko wangu ni mzuri, baba alinifundisha. Niliandika kwamba sisi watoto wa marehemu, mimi na kaka yangu, hatudai na hatutadai sehemu yoyote ya kibanja, sasa wala baadaye, na kwamba mgao uliokwishafanyika ubaki kama ulivyo.

Shangazi alinishika kifundo cha mkono.

"Andika lako tu, waitu, mtoto wetu. La kaka yako usiliguse."

"Kaka hana shida na kibanja."

"Umemuuliza?"

"Namjua kaka yangu."

"Hasira hasara, mwanangu. Mpigie kwanza."

Simu ilikuwa kwenye pochi yangu, kando ya goti. Ilikuwa na chaji. Ilikuwa na salio. Ningeweza kutoka nje, nikasimama kwenye migomba, nikampigia, na wote wale wangenisubiri, maana Wahaya kwa kikao hawana haraka. Lakini nilijua atasema nini, au nilijua kwamba nikimwuliza huenda akasema kitu. Nikachomoa mkono wangu. Nikasaini jina langu, na chini yake nikaandika "kwa niaba ya" na jina la kaka.

Baada ya hapo mambo yalikwenda kama maji. Katibu aliandika upya kwamba ukoo ulipata habari zisizo sahihi, kwamba ndugu yao alikuwa hai, akaoa, akazaa watoto wawili, majina yao haya, na akafariki baadaye. Maneno yangu yakanakiliwa kwenye ukurasa wa pili wa muhtasari ule ule. Baba mdogo alisaini wa kwanza. Alipomaliza hakuiachia kalamu. Akaniuliza, na ilikuwa mara ya kwanza mtu yeyote pale kuniuliza, "Alikufa na nini?"

"Tumbo," nikasema. "Aliugua wiki tatu."

"Alikuwa na mtu?"

"Tulikuwepo wote."

Alikaa chini, akafunika uso kwa kofia, akalia kwa sauti mbele ya wanawe na wakwe zake. Miaka yote alikuwa amelilia mgomba. Hasira yangu kwake iliisha pale pale, lakini wino ulikuwa umeshakauka. Asubuhi yake alichukua jembe mwenyewe, akalisawazisha lile tuta. Chini palikuwa na udongo tu, mweusi, mzuri, na alipanda hapo mche wa kahawa.

Yule dada wa dirishani alisoma kurasa zote mbili kwa rula. Akaniangalia kidogo alipofika kwenye ukurasa wa pili, kisha akaendelea kushusha rula. Halikuwa jambo la ofisi yake. Nikahojiwa, nikapigwa picha, nikaweka vidole kumi kwenye kioo. Namba ikatoka kabla shule hazijafunguliwa. Tarakimu ishirini. Nilimsomea shangazi jikoni kwake mara mbili, yeye akapiga vigelegele, mimi nikalia nikiwa nimeshika mwiko. Wiki iliyofuata nilikuwa Muleba nikisaini mkataba, na mama yule akanikabidhi funguo za darasa. Sijawahi kuwa na furaha kama ile, siwezi kusema uongo.

Sasa niko muhula wa tano. Wasichana wangu wa kwanza wameshahitimu. Kaka nilimpa habari za namba siku ile ile ilipotoka. Habari za daftari sikumpa. Nilijiambia nitamwambia akija kutembea. Kisha nikajiambia nitamwambia kwa barua. Nimeanza barua hiyo si mara moja, na kila mara nakumbuka kitu cha kufanya nje.

Jumatatu alinipigia. Amefunga gereji, amerudisha chumba kwa mwenye nyumba, mke na watoto wanamfuata baadaye. Anakuja kuchukua namba yake. Sauti yake ilikuwa ya furaha kama alipokuwa kijana. Akaniuliza kibanja cha baba kina ukubwa gani, kama kuna mahali tambarare panapofaa nyumba ya vyumba vitatu. Nikasema kipo, ni kizuri, kina kahawa. Akaniuliza ofisini wanataka nini. Nikamtajia: cheti cha kuzaliwa, barua ya mtendaji, na muhtasari wa ukoo unaosema baba alikuwa hai alipotuzaa.

"Huo muhtasari unao?" akauliza.

"Ninao."

"Basi niwekee. Nitausoma nikifika."

Anafika Jumamosi. Kaka si mtu wa haraka kama mimi. Karatasi huisoma yote, mpaka nyuma. Kwenye ukurasa wa pili atakuta jina lake, na ataujua mwandiko kabla hajajua maneno yanasema nini.